Msingi wa Nyumba Ukingoni mwa Mteremko

Mtu atakaye kujenga nyumba katika milima ya Taita hana budi kwanza kujitengenezea mahali pa kuiweka. Mlima wa Vuria, ulio mrefu kuliko yote ya huko, hufika meta 2,208 juu ya bahari, na mji wa Voi ulioko chini katika nyika haufiki meta 700. Kati ya hapo mahali palipo sawa ni haba, na mabonde yaliyo mazuri yamekwisha kushikwa na mashamba. Kwa hiyo mwenye kiwanja huchimba upande wa juu wa mlima, na udongo anaoutoa huumwaga upande wa chini, hata apate uwanja. Kisha huanza kujenga. Mara nyingi nyumba husimama nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya udongo uliomwagwa, tena karibu kabisa na ukingo, maana uwanja wenyewe ni mwembamba na kila mtu ataka kubakiwa na ua.

Huko Voi nchi ni tambarare zaidi, lakini shida hiyo ipo pia. Mto Voi, ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, hushuka na maji mengi wakati wa mvua na kuzila kingo zake, na makorongo yanayouingia hufanya vivyo hivyo. Kiwanja kilicho ukingoni mwa korongo hupatikana kwa bei nafuu, na mtu aliyeweka akiba miaka kumi hufurahi kukipata. Jambo asiloliuliza ni hili: je, ardhi ambayo ingeichukua nyumba yake vizuri mahali palipo sawa, itaichukua vilevile pale ukingoni?

Jibu ni kwamba haitaichukua vilevile, na sababu yake yafaa ifahamike na kila mtu anayejenga, wala si mafundi peke yao.

Kwanza ni uzito. Chukua kwa mfano ukuta wa matofali ya saruji, unene wake inchi 8 na kimo chake futi 10. Kila futi moja ya urefu wa ukuta huo ina uzito wa karibu kilo 400. Ukiongeza zege la msingi na sehemu ya paa la mabati, hesabu hufika kama kilo 600. Ikiwa msingi una upana wa futi 2, basi kila futi ya mraba ya ardhi chini yake yachukua kilo 300. Mwenye nyumba akiongeza orofa moja na sakafu ya zege, mzigo huo huzidi mara mbili, ukafika kilo 750 hivi. Na mchanga ulioshikamana vizuri, mahali palipo sawa na pasipo maji karibu, huweza kuchukua tani 1 hata tani 2 kwa kila futi ya mraba bila hatari. Kwa hesabu hiyo mwenye nyumba ya orofa aweza kulala usingizi. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali palipo sawa tu.

Watu wengi hufikiri kwamba nyumba huchukuliwa na ardhi iliyo chini yake tu, kama mzigo unavyochukuliwa na kichwa cha mpagazi. Sivyo. Mchanga ni chembe nyingi zisizogandamana, na zikikandamizwa toka juu hutaka kukimbilia kando na kuinuka. Kinachozizuia ni uzito wa mchanga ulio kando, pamoja na msuguano wa chembe kwa chembe. Mfano wake ni basi lililojaa watu waliosimama. Dereva akishika breki ghafula, hakuna aangukaye, kwa kuwa kila mtu amezuiwa na mwenziwe. Lakini mlango ukiwa wazi, yule aliye mlangoni hana wa kumzuia, naye hutupwa nje. Msingi ulio ukingoni ndiye yule abiria wa mlangoni. Upande wa mlima umezuiwa vema. Upande wa bonde hakuna kitu ila hewa.

Msomaji akitaka kuliona jambo hili kwa macho yake, na atafute sanduku la mbao lisilo na ubao wa upande mmoja, alijaze mchanga mkavu wa mtoni, na upande ule ulio wazi auache mchanga uteremke wenyewe. Ataona kwamba mchanga haukubali kusimama wima; hulala kwa pembe ya digrii 30 na kitu, na ukiongeza mwingine huporomoka hata urudie pembe ile ile. Sasa na aweke kipande cha tofali mbali na ukingo, na juu yake kopo, akilitia maji kidogo kidogo. Tofali litatitia polepole na kutulia. Kisha alisogeze mpaka ukingoni kabisa, afanye vilevile. Maji hayatafika mbali katika kopo kabla tofali halijainama, na mchanga wa mbele yake kuteleza. Mchanga ni ule ule na tofali ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali tu.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa hesabu. Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague na kuwa kama baba wa elimu ya udongo kwa wahandisi, alitoa katika mwaka wa 1943 kitabu kilichoeleza namna ya kuhesabu uzito unaoweza kuchukuliwa na ardhi iliyo sawa. Miaka kumi na minne baadaye, katika mkutano wa wahandisi uliofanyika London mwaka wa 1957, mhandisi wa Kanada aitwaye Meyerhof alieleza hesabu ya misingi iliyo juu ya miteremko. Alionyesha kwamba nguvu ya ardhi hupungua kwa kadiri msingi unavyokaribia ukingo, na kwamba madhara ya mteremko hayaishi mpaka msingi uwe umbali wa mara 2 hata mara 6 ya upana wake toka ukingoni. Kwa msingi wa futi 2, hiyo ni futi 4 mpaka futi 12. Mteremko ukiwa mkali, nguvu iliyobaki ukingoni yaweza kuwa chini ya nusu ya ile ya mahali palipo sawa. Ikiwa mteremko umesimama kwa pembe ile ambayo mchanga hulala wenyewe, basi msingi uliowekwa juu juu pale ukingoni haubakiwi na nguvu yoyote ya kutegemewa. Basi yule mwenye nyumba ya orofa, aliyehesabu tani nzima kwa futi ya mraba, huenda amepewa chini ya nusu tani, hali mzigo wake ni kilo 750.

Kuchimba msingi kwenda chini zaidi husaidia, kwa sababu mbili. Mchanga ulio juu ya kitako cha msingi huzidi kuwa mzito, na kwa kuwa uso wa mteremko hutoka nje kwa kadiri ushukavyo, kitako kilicho chini huwa mbali zaidi na hewa kuliko kilicho juu. Lakini kuna hatari nyingine isiyoponywa na kuchimba futi moja au mbili: mteremko mrefu ulio mkali waweza kuporomoka mzima, nyumba na msingi wake vikichukuliwa pamoja kama sinia iliyobebwa.

Kwa ajili hiyo kanuni za ujenzi zitumikazo sehemu nyingi za Marekani huagiza nafasi kwa kufuata kimo cha mteremko. Kimo hugawanywa kwa tatu, na msingi huwekwa umbali huo toka ukingoni, ila umbali huo haulazimishwi kuzidi futi 40. Na kama mteremko ni mkali kupita digrii 45, au umekatwa wima kama ukuta, basi hupimwa toka mstari wa digrii 45 unaoanzia chini mguuni mwa mkato, kana kwamba udongo wote ulio mbele ya mstari huo umekwisha anguka. Kwa mkato wa wima wenye kimo cha futi 9, mstari hutokea juu futi 9 nyuma ya ukingo. Ukiongeza theluthi ya kimo, yaani futi 3, msingi wa ukuta wa mbele hukaa futi 12 nyuma.

Hapo ndipo ugomvi huanza, na maneno ya namna hii husikika kila mahali watu wajengapo mlimani.

“Fundi, kiwanja changu ni futi 50 kwa 100. Ukiniondolea 12, si umenipokonya chumba kizima?”

“Mzee, sikukupokonyi mimi. Chumba hicho ni cha korongo. Ukikijenga, wewe utalipa saruji, na korongo ndilo litakalokaa ndani.”

“Na kama nikijenga ukuta wa mawe huko mbele?”

“Ukuta wa mawe nao wataka msingi, Mzee. Utausimamisha juu ya nini?”

Fundi huyo ana haki. Ukuta mwembamba wa mawe uliowekwa mbele ya udongo uliomwagwa, bila hesabu, husukumwa na udongo pamoja na uzito wa nyumba, na maji yakinaswa nyuma yake husukumwa zaidi. Huonekana imara mwaka wa kwanza. Hata hivyo swali la mwenye kiwanja si la upuzi. Mahali pengine hakuna nafasi ya kurudi nyuma: kichwa cha daraja hakina budi kusimama ukingoni mwa tuta, na barabara ya mlimani haiwezi kuingizwa ndani ya mwamba kila mahali. Kwa kazi za namna hii wahandisi wamejifunza kuutia mchanga wenyewe nguvu.

Fikra yenyewe ni ya kale sana. Karibu na Baghdad, nchi ya Iraki, kuna mnara wa matofali mabichi uitwao Aqar Quf, uliojengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kati ya safu za matofali yake wajenzi walitandaza mikeka ya matete, ambayo yaonekana hata sasa. Katika miaka ya 1960 Mfaransa mmoja, Henri Vidal, aliifufua fikra hiyo kwa namna ya kisasa. Alitandaza vipande virefu vya bati la chuma katika mchanga, tabaka juu ya tabaka, na mchanga ukasimama kama ukuta. Baada yake zikatokea nyavu za plastiki ngumu, zenye matundu makubwa ambamo kokoto na mchanga hushikwa, nazo siku hizi hutumika ulimwenguni kote katika matuta ya barabara na reli.

Zinafanyaje kazi? Mchanga waweza kukandamizwa lakini hauwezi kuvutwa. Ukiuvuta hutengana tu. Wavu au bati laweza kuvutwa sana kabla ya kukatika. Basi mchanga ukitaka kukimbilia upande wa bonde, huukuta wavu, huung’ang’ania kwa msuguano, na wavu nao umeshikwa na mchanga mwingine ulio nyuma, upande wa mlima, ambao haukimbii. Ni kama abiria yule wa mlangoni amefungwa mshipi, na mshipi umeshikwa na watu kumi walio ndani ya basi. Msomaji na arudie jaribio lake: atandaze vipande vya gunia kuukuu katika mchanga, kimoja kila baada ya unene wa vidole viwili, kisha aweke tofali ukingoni tena. Kopo litachukua maji mengi zaidi kuliko mara ya kwanza.

Lakini asidhani kwamba wavu wowote uliotupwa popote watosha. Majaribio yaliyofanywa katika maabara za nchi nyingi, Kanada, Japani na Misri zikiwamo, yameonyesha kwamba tabaka kadhaa zilizowekwa vizuri zaweza kuongeza nguvu ya mchanga ulio karibu na mteremko mara mbili au zaidi, na kwamba zile zilizowekwa vibaya hazisaidii kitu. Tabaka la juu halina budi kuwa karibu na kitako cha msingi, lisishuke chini kupita upana mmoja wa msingi wenyewe. Kwa msingi wa futi 2, basi, lisishuke chini ya futi 2. Wavu uliozikwa chini kupita mara mbili ya upana huo ni fedha iliyozikwa, kwa kuwa mchanga utateleza juu yake bila kuugusa.

Urefu ndio unaosahauliwa kuliko yote. Fundi mwenye kubana matumizi hukata wavu ulingane na upana wa msingi, akaona amemaliza. Wavu huo husafiri pamoja na mchanga unaoanguka, maana hakuna sehemu yake iliyoshikwa mahali patulivu. Hauna budi kupita sana nyuma ya mahali mchanga utakapokatika, uingie katika ardhi ya mlima isiyo na mwendo. Mteremko ukiwa mrefu, urefu huo hupimwa kwa hesabu ya mhandisi, si kwa jicho. Tena kila tabaka la mchanga hushindiliwa kabla ya kutandazwa jingine, kwa unyevu wa kadiri na kwa unene usiozidi inchi 6 hata 8 kwa mara moja. Mchanga uliomwagwa tu toka lori, hata ukitiwa nyavu ishirini, utatitia.

Wengi huuliza juu ya katani, kwa kuwa Mwatate kuna shamba kubwa la zao hilo na nyuzi zake zina nguvu. Ni kweli kwamba nyuzi za katani zikivutwa hushika sana, na zulia lake likitandazwa juu ya uso wa mteremko huzuia mvua isiuchimbe, mpaka majani yaote na mizizi ichukue kazi hiyo. Kwa kazi hiyo katani ni bora, hata pengine kupita plastiki, maana ikioza huwa mbolea. Lakini chini ya msingi wa nyumba haifai. Katika udongo wenye unyevu huoza kwa miaka michache, na nyumba hujengwa kwa ajili ya wajukuu. Chuma nacho kisichopakwa zinki huliwa na kutu hata kisibakie kitu.

Jambo moja lapaswa kusemwa juu ya udongo wa Voi wenyewe. Yote yaliyoelezwa hapo juu ni ya mchanga safi, kama ule wa mtoni. Udongo mwekundu wa nyikani umechanganyika mchanga na mfinyanzi, uliotokana na kuoza kwa miamba ya kale sana, na tabia yake humdanganya mtu. Wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali. Waweza kukatwa wima kimo cha watu wawili, na mkato ukasimama miezi mingi bila kudondosha hata punje. Mwenye kiwanja huutazama akasema, huu si mchanga, huu ni mwamba. Mvua za vuli zikianza, ambazo huko Voi ndizo kubwa kuliko za masika, maji huingia na ugumu ule huyeyuka. Mkato uliosimama toka Juni huanguka Novemba, tena mara nyingi usiku, kwa kuwa maji huchukua saa nyingi kufika ndani.

Maji ndiyo adui mkuu wa kila mteremko, uwe umetiwa nyavu au haukutiwa. Huongeza uzito wa udongo, na yakijaa kati ya chembe huziinua hata msuguano wao ukapungua. Katika mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 barabara na miteremko iliharibika sehemu nyingi za Kenya. Na tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma mjini Nairobi, nyumba ya orofa sita iliyokuwa karibu na ukingo wa mto ilianguka usiku baada ya mvua nyingi, wakafa watu zaidi ya 40. Ubovu wa jengo kama lile huwa na sababu nyingi pamoja, lakini mto na mvua havikosi kuwamo katika hesabu. Msafiri wa reli iliyofunguliwa mwaka wa 2017, akitoka Voi na kutazama dirishani, ataona kwamba matuta yake yana mifereji mguuni na mbavuni. Wajenzi wake hawakuiweka kwa mapambo.

Mwenye nyumba wa kawaida hana uwezo wa kununua nyavu na kulipa mashine ya kushindilia, na kwa nyumba ya kawaida afadhali arudi nyuma futi zile 12. Asipoweza kurudi, au ataka orofa, basi na amtafute mhandisi aliyeandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kabla ya kupeleka ramani yake katika ofisi ya Kaunti, wala si baada ya kuta kupasuka. Malipo ya kuchimba mashimo mawili ya kupimia udongo ni madogo kuliko bei ya mabati ya paa.

Na aliyekwisha jenga ukingoni? Huyo na atazame ua wake kila mvua zinapokatika. Mpasuko mrefu ardhini unaofuata ukingo, hata ukiwa mwembamba kama uzi, ni dalili ya kwamba udongo umeanza mwendo. Kadhalika mlango uliofungika vizuri mwaka jana na sasa wakwama, nguzo ya ua iliyoinama kuelekea bonde, au maji yatokayo mguuni mwa mteremko mahali pasipokuwa na chemchemi. Akiviona hivyo, awahamishe watoto walalao vyumba vya upande ule, awaambie jirani walio chini ya mteremko, kisha amwite mtu wa kupima.

Wakati akingoja, kuna kazi mbili awezazo kuzifanya mwenyewe. Maji ya paa ayaongoze kwa mfereji yapite mbali na ukingo, na shimo la maji machafu asilichimbe upande wa bonde. Na tangi la maji, ambalo karibu kila mtu huliweka pale pale ukingoni ili ua ubaki mpana, alihamishie upande wa mlima. Tangi la lita 5,000 likijaa huwa na uzito wa tani 5 kabla ya kuhesabu jukwaa lake, na koki yake ikivuja, yale matone hushukia papo hapo.